Kuagana Fontainebleau



Mwezi huu wa Julai, katika mji mdogo wa Fontainebleau, kusini mwa Paris, mamia ya wageni wanafunga mizigo kwa wakati mmoja. Ukipanda treni katika kituo cha Gare de Lyon, saa moja haijatimia umeshashuka Fontainebleau-Avon, na msitu umekuzunguka kila upande. Wanaofunga mizigo ni wahitimu wa INSEAD, shule ya biashara inayopokea vijana kutoka pembe zote za dunia. Waliingia mwaka jana kiangazi kikielekea ukingoni, wamesoma miezi kumi, na sasa wanatawanyika. Wenzao wengine watafuata Desemba, kwa kuwa shule ile hupokea wanafunzi mara mbili kwa mwaka.

Ada ya shahada yao ya MBA ni karibu yuro laki moja. Kwa hesabu za kwetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 250 za Tanzania, na hapo bado hujalipa kodi ya nyumba wala kununua mkate. Anayetoa fedha kiasi hicho, na wengi huzikopa, ana haki ya kuuliza anapata nini. Shule hizi hujibu kwamba anapata elimu, na anapata watu. INSEAD ina wahitimu zaidi ya 60,000 duniani na huwataja kila inapojitangaza. Leo nataka tuzungumze juu ya hao watu, na hasa juu ya zile siku za mwisho wanapoachana. Nimesoma pale. Nimeona jinsi kuagana kunavyofanywa kwa pupa, katikati ya kuuza baiskeli na kufuta akaunti ya benki. Na ninaamini kabisa kwamba namna mtu anavyoagana na wenzake ndiyo inayoamua kama baada ya miaka kumi atakuwa na wenzake kweli, au atakuwa na orodha ya majina kwenye simu.

Turudi nyuma kidogo, maana asili ya shule hii inagusa jambo lenyewe. Ilianzishwa mwaka 1957, mwaka uleule nchi sita za Ulaya zilipotia saini Mkataba wa Roma. Mwenye wazo alikuwa Georges Doriot, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1899, akahamia Marekani, akawa profesa Harvard, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akapanda hadi cheo cha jenerali katika jeshi la Marekani, upande wa vifaa na ugavi. Aliianzisha shule pamoja na vijana wawili wa Kifaransa waliopitia Harvard, Claude Janssen na Olivier Giscard d'Estaing, kwa msaada wa Chemba ya Biashara ya Paris. Darasa la kwanza liliingia mwaka 1959.

Sasa fanya hesabu nami. Vita vilikwisha 1945. Mwanafunzi wa miaka ishirini na mitano mwaka ule wa 1959 alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja mabomu yalipokoma. Mfaransa na Mjerumani waliketi darasa moja, wakafundishwa kwa Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani, na huenda baba zao walikuwa wamelengana bunduki. Walioianzisha shule walitaka watu watakaokuja kuendesha viwanda na benki za Ulaya wawe wameishi pamoja, wamebishana na kupatana, kabla hawajaanza kushindana sokoni. Shule haikuwekwa kwa ajili ya mahesabu ya faida na hasara peke yake, kwa kuwa hayo yangefundishika kila mtu akiwa kwao. Wanafunzi wenzako ndio waliokuwa somo lenyewe. Ndiyo maana nasema kuagana nao ni jambo zito.

Mwanzoni shule haikuwa na majengo yake. Mpaka mwaka 1967, ilipohamia kando ya msitu, ilikuwa ndani ya kasri la wafalme wa Ufaransa. Mbele ya kasri hilo kuna ua mpana na ngazi kubwa zilizopinda pande mbili. Katika ua huo, tarehe 20 Aprili 1814, Napoleon aliagana na askari wa kikosi chake cha walinzi. Alikuwa ameshindwa vita, amelazimishwa kuachia ufalme, na magari ya farasi yalikuwa yanamngoja aanze safari ya kwenda kisiwa cha Elba. Alishuka zile ngazi, akazungumza na askari wake, akamkumbatia Jenerali Petit kwa niaba yao wote, akaibusu bendera, akaondoka. Wanaume waliozoea vita walilia hadharani. Tangu siku hiyo ua ule unaitwa Ua wa Maagano.

Watalii husimuliwa kisa hiki na kuishia hapo. Mimi sipendi kukiachia hapo. Haukupita mwaka, Napoleon alitoroka Elba, na tarehe 20 Machi 1815 alikuwa ameshaingia tena Paris. Akawaita walewale walinzi wake. Tarehe 18 Juni mwaka huohuo wengi wao waliangamia Waterloo. Sina shaka machozi ya kuagana yalikuwa ya kweli. Lakini aliporudi kwao alirudi kwa kuwa aliwahitaji, na hapo ndipo kisa hiki kinaponiuma. Nimewaona watu wakifanya vivyo hivyo, bila farasi wala bendera. Wanakumbatiana usiku wa mwisho, wanalia, wanaapa kwamba hawatasahauliana. Kisha kimya cha miaka. Kisha siku moja unaingia ujumbe mrefu wa salamu, na kwenye mstari wa tatu kuna ombi la mtaji.

Naomba nieleze watu hawa hukutanaje, ili uone kinachopotea wanapoachana vibaya. Ukifika INSEAD, shule inakupanga katika kikundi cha watu watano au sita. Huchagui. Shule inachanganya kwa makusudi: nchi mbalimbali, kazi mbalimbali, wanaume na wanawake, anayejua hesabu na asiyezijua. (Wanawake wenyewe hawakupokelewa mpaka 1967; mmoja wa wale wa kwanza, Hélène Ploix, baadaye aliiwakilisha Ufaransa katika Shirika la Fedha la Kimataifa.) Kikundi changu kilikuwa na mhandisi Mlebanoni, mhasibu wa kike kutoka Ujerumani, Mbrazili aliyetokea migodini, mtengeneza programu kutoka Pune, na mimi niliyetokea kwenye kazi za bandari, Tanga. Kazi za kikundi mnaandika pamoja na alama mnapata pamoja. Mvivu mmoja anawaangusha wote. Mjuaji mmoja anaweza kuwabeba wote na asiwafundishe chochote.

Lakini mitihani kila mtu hufanya peke yake, na alama yako hupimwa kwa kulinganishwa na za darasa zima. Hebu lifikirie hilo. Mwenzako anapokusaidia kuelewa, kwa namna fulani anapunguza nafasi yake mwenyewe. Yule Mlebanoni alikuwa akiketi nami usiku baada ya chakula, akinifundisha namna ya kukadiria thamani ya kampuni kutokana na fedha inayotarajiwa kuingia miaka ijayo. Alijua vizuri hesabu za zile alama kuliko mimi. Hakuacha. Mtu wa namna hiyo humwachi na picha moja ya joho na ahadi ya kuwasiliana.

Wengi hawaishi shuleni. Hukodi nyumba vijijini, Samois, Barbizon, Moret, wakati mwingine majumba makubwa ya zamani yenye vyumba vya kulala watu kumi na jiko moja. Jikoni ndiko mnakofahamiana. Sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa tukipanda treni hadi Paris, mtaa wa Château Rouge, kwenye maduka ya Waafrika, kununua unga mweupe wa mahindi. Mjerumani wetu alisonga ugali akaunguza sufuria, akasonga tena mpaka ukakubali. Mbrazili alipika maharage meusi, na tulipompa ya nazi alinyamaza mpaka sahani ikaisha. Kila jamii huwa na wiki yake ya kuonyesha chakula, ngoma na mavazi ya kwao, na wiki hizo hupendwa sana. Ila kwa maoni yangu jikoni mnafahamiana zaidi, kwa sababu kwenye wiki ya utamaduni kila mtu huvaa nguo yake nzuri, na jikoni unamwona mwenzako akiwa amenyimwa kazi leo asubuhi na bado anaosha vyombo kwa kuwa ni zamu yake.

Miezi kumi ni michache mno. Mnafika mkiwa wageni, mnazoeana, na mnapoanza kuaminiana baridi imeshaisha na watu wameshaanza kuulizana tarehe za ndege. Wiki za mwisho zinakuja kama mafuriko. Mitihani haijaisha, karamu zimeanza. Mtu anauza baiskeli, anauza koti la baridi, anamkabidhi mwanafunzi mpya gari bovu lililorithiwa darasa hata darasa. Mwenye nyumba anakagua kuta ili ajue arudishe amana kiasi gani. Bili ya umeme haijafika na mmoja wenu keshapanda ndege kwenda Singapore, ambako shule ina tawi tangu mwaka 2000. Wazazi wanawasili kutoka mbali, wanataka kuonyeshwa Paris. Siku ya mahafali inafika, majoho, hotuba, majina yanasomwa, picha mia tano. Kesho yake vyumba vitupu.

Katika msongamano huo kuagana kunageuka jambo la kundi zima: hotuba moja, kumbatio moja kwa watu wengi, ujumbe mmoja wa kwaheri kwenye kundi la WhatsApp. Kuaga kwa jumla kuna raha yake. Lakini mtu akiaga wote kwa pamoja, hajamuaga hata mmoja.

Kwetu pwani kuna desturi ambayo ningependa vijana wetu wasiisahau wakiwa ughaibuni. Mtu anapojiandaa kwenda Hija, huwapitia jamaa na majirani nyumba kwa nyumba. Analipa madeni yake, hata ya shilingi mia. Anaomba radhi. Anawaambia majirani: tumeishi pamoja, nimekosa nikijua na nimekosa nisipojua, nisameheni. Nao wanamsamehe, na wao wanamwomba awasamehe. Si kwa wazee wala kwa Waislamu peke yao. Nimewaona Wakristo wa Muheza wakifanya vilevile kabla ya safari ndefu. Haondoki mtu akiwa na kinyongo mgongoni, kwa sababu hakuna ajuaye kama atarudi, na hakuna ajuaye atakaowakuta.

Basi, usiku mmoja kabla hatujatawanyika, yule kijana wa Pune alibisha hodi chumbani kwangu. Katikati ya majira ya baridi, mbele ya kikundi chote, alikuwa amesema kwamba mawazo yangu juu ya bandari yalikuwa ya kizamani na yanawachelewesha. Nilinyamaza wakati ule, na tukaendelea kufanya kazi pamoja kwa adabu, lakini baina yetu palikuwa na ukuta. Usiku ule alisimama mlangoni akasema anajua alichosema, anajua tarehe, anajua na kilichokuwa kikimsumbua siku ile nyumbani kwao. Akaniomba nimsamehe. Akaongeza kwamba yale niliyoeleza juu ya meli kungoja nje ya gati siku baada ya siku, na nani anayelipa gharama za kungoja, ndiyo aliyoyaelewa kuliko kitu kingine chochote alichosoma mwaka ule. Yeye hakulelewa katika desturi ile ya kupita nyumba kwa nyumba. Alilifanya kwa moyo wake. Tuliketi tukazungumza hadi usiku wa manane, na naweza kusema bila kusita kwamba urafiki wetu ulianza usiku ule, siku moja kabla ya kuachana. Mpaka leo tunaandikiana.

Jambo kama hilo ndilo ninalowaomba wahitimu walifanye. Karamu zitajiendea zenyewe. Tafuta muda wa kukaa na kila mmoja wa kikundi chako, peke yenu. Mwambie jambo moja mahsusi ulilojifunza kwake. Mwombe radhi kwa jambo moja mahsusi. Lipa sehemu yako ya bili ya umeme. Haya yanafanyika kwa jioni nne au tano, na mtu aliyekopa mamilioni kwa ajili ya miezi kumi hawezi kusema hana jioni nne.

Kuna kundi moja ambalo moyo wangu huwa nalo sana siku za mahafali, nalo ni wale wanaohitimu bila kazi. Shule za biashara zina desturi ngumu: swali la kwanza mnalokutana nalo mkiwa na majoho ni "unakwenda wapi?" Aliyepata nafasi katika kampuni kubwa ya ushauri London au Dubai anajibu kwa sauti. Ambaye bado anangoja, ambaye ameitwa kwenye usaili mara kadhaa na kukataliwa, anaanza kukwepa watu. Nimemwona mtu akikimbia karamu ya darasa lake kwa ajili ya swali hilo tu. Huyo anaondoka bila kuaga kabisa, na baadaye watu husema alikuwa mpweke. Hakuwa mpweke. Alikuwa na deni la mkopo na hakuwa na jibu. Kama wewe umepata kazi, mtafute mwenzako huyo kabla ya sherehe, usimuulize anakwenda wapi, kula naye. Na kama wewe ndiye usiye na kazi, nakuomba usijifiche. Wenzako waliokuona ukifanya kazi usiku na mchana wanajua thamani yako kuliko barua yoyote ya ajira.

Wahenga walisema milima haikutani, wanadamu hukutana. Ninaukubali usemi huo, lakini siku hizi kukutana kunataka viza. Mhitimu wa Uholanzi na mwenzake wa Italia wakiagana Ijumaa wanaweza kukutana Ijumaa inayofuata. Mtanzania au Mkenya, siku kibali chake cha kukaa kinapokwisha, akitaka kurudi kwa harusi ya rafiki yake Lyon, anaanza upya: ada ya viza ya Schengen ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90, taarifa za benki, bima isiyopungua yuro 30,000, alama za vidole, barua ya mwajiri, na hata hivyo anaweza kukataliwa. Upande wa pili, tangu Januari 2024 Kenya imefuta viza kwa wageni wote na kuweka kibali kinachoombwa kwa intaneti. Rafiki wa Lyon anaweza kuja Lamu kwa harusi yako. Wewe huenda usifike kwenye yake. Watu wenye pasipoti za nguvu wanaposema "tutaonana karibuni" wanasema kweli. Hawajui tu kwamba sentensi hiyohiyo kinywani mwetu ina uzito mwingine. Ningependa waambiwe. Na ningependa sherehe zile za kukutana tena, ambazo wahitimu huziandaa kila baada ya miaka mitano, zisiwe Ulaya siku zote. Nairobi ina hoteli, Kigali ina ukumbi, Zanzibar ina bahari. Waje.

Sisi Waafrika Mashariki tunayajua haya kwa uchungu wetu wenyewe, wala hatukuhitaji kwenda Ufaransa kuyajua. Kati ya 1963 na 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vitatu. Aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Mkenya, Mganda na Mtanganyika walishiriki bweni moja. Chuo kikavunjwa mwaka 1970. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Watu waliosoma pamoja wakajikuta kila mmoja upande wake wa kizuizi cha barabara. Baba yangu mdogo alikuwa na mwenzake wa bweni kutoka Machakos. Waliagana kwenye kituo cha basi wakidhani wataonana baada ya likizo. Walipokuja kuonana, wote wawili walikuwa na mvi. Baba mdogo alikuwa akisema kwamba angejua, asingepanda basi lile haraka vile.

Na sitaki msikilizaji adhani kwamba napinga wahitimu kusaidiana katika kazi. Hapana. Ninachokataa ni kumkumbuka mtu siku ya shida yako tu. Urafiki uliotunzwa huzaa kazi wenyewe, na mifano iko karibu nasi. Jesse Moore na Chad Larson walisoma MBA pamoja Oxford. Wakaungana na Nick Hughes, mmoja wa watu walioibuni M-PESA, na kutoka Nairobi wakaanzisha M-KOPA, iliyoingia sokoni mwaka 2012. Mtu alilipa kianzio kidogo, akachukua mtambo wa umeme wa jua, kisha akalipa kidogo kidogo kila siku kwa simu mpaka ukawa wake. Nyumba ngapi vijijini ziliacha koroboi kwa njia hiyo! Darasa la Oxford na kibanda cha Nyanza vilikutana kwa sababu watu wawili hawakuachana walipovua majoho.

Mfano wa pili naupenda zaidi, kwa kuwa umetoka INSEAD kwenyewe na unahusu watu kama sisi. Mwanafunzi wa kigeni akiomba mkopo wa masomo Ulaya, benki humkataa kwa kuwa hana historia ya kukopa katika nchi ile, na benki ya kwao humtaka hati ya shamba la babake. Mwaka 2007 wahitimu kadhaa, mmoja wao akiwa Cameron Stevens, walianzisha Prodigy Finance ili kuwakopesha wanafunzi wa aina hiyo kwa kuangalia kipato watakachopata baada ya kuhitimu, bila dhamana wala mdhamini. Wahitimu waliotangulia walitoa fedha zao ili wakopeshwe waliofuata. Mikopo hiyo ina riba na ni mizito kulipa, nisiifiche kweli hiyo. Lakini angalia chanzo chake: watu waliomwona mwenzao akihangaikia ada, wakaondoka shule na hangaiko lake wakiwa wamelibeba. Kwangu mimi hiyo ni namna bora ya kuagana: kuondoka ukiwa unajua shida ya mwenzako vizuri kiasi cha kuifanyia kazi.

Mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka, mahafali ya shule nyingi za biashara yalifanyika kwa intaneti, kila mhitimu mbele ya kompyuta yake. Wengi waliona wameibiwa siku yao, na walikuwa na haki ya kusikitika. Lakini nimezungumza na wahitimu wa mwaka ule, na wapo walioniambia kwamba kwa kuwa hapakuwa na karamu, walilazimika kupigiana simu mmoja mmoja. Simu zilizochukua saa mbili, saa tatu. Walisemezana mambo ambayo pengine kwenye kelele za ukumbi yasingesemwa.

Wazazi mnaonisikiliza, nina neno nanyi pia. Mwanao anaporudi kutoka shule kama hii, au anapopiga simu kusema amemaliza, shauku ya kwanza ni kumuuliza atalipwa kiasi gani. Naielewa, hasa kama mliuza kiwanja ili asome. Lakini anza kwa kumuuliza alisoma na nani. Muulize majina, muulize wanatoka wapi, nani alimsaidia, nani alimkosea, nani alimwacha na deni. Mpe nafasi aomboleze kidogo, kwa kuwa ameondoka mahali ambapo kwa miezi kumi alikuwa na watu, na sasa wametapakaa nchi arobaini. Watu hushangaa kumwona kijana mwenye shahada mpya amenyong'onyea. Si jeuri. Amefiwa na maisha fulani.

Na wewe mhitimu, uliyeko Fontainebleau, Singapore, Barcelona, Arusha au Nairobi, uliyemaliza wiki hii au uliyemaliza miaka tisa iliyopita na ukapotea: kuna jina moja ambalo limekujia kichwani nikiwa nazungumza. Baada ya kipindi hiki mpigie mtu huyo. Muulize habari za mama yake, habari za watoto, habari za goti lile aliloumia akipanda mawe ya msituni. Usimtumie wasifu wako, usimweleze mradi, usiombe kitu chochote. Mpigie leo.